Miwani ya Kioo cha Dirisha

Kama Kariakoo nzima iliwahi kuwa na mtu hodari wa kujidanganya mwenyewe, basi alikuwa Zahoro bin Sadalla, fundi wa kusaga vioo vya miwani. Na mwenyewe habishi. Mpaka uzeeni, akikaa barazani kusimulia mambo yake ya mwaka hamsini na nne, alijisema vibaya kuliko maadui zake walivyopata kumsema. "Nilikuwa mjinga," angeanza, "lakini mjinga mwenye cheo." Watu wakishacheka, ndipo anapopata nguvu ya kuendelea.

Alikuja Dar es Salaam kutoka Kilwa angali kijana, akapata kazi kwa Umakant, Mhindi mwenye duka la miwani pale Msimbazi. Umakant alikaa mbele dukani kupima macho ya wateja, Zahoro alikaa chumba cha nyuma kusaga. Kioo kilifika kutoka Ulaya kinene kama kitako cha chupa. Alikibandika kwa lami kwenye kishikio, akakisugua ndani ya bakuli la chuma kwa maji na unga wa msasa, taratibu, mpaka kikapata umbo lake. Kioo cha mzee asiyeweza kusoma kinavimba katikati. Kioo cha mtu asiyeona mbali kinabonyea. Kisha aliking'arisha kwa unga mwekundu, na unga huo uliingia kuchani ukakataa kutoka, hata Ijumaa msikitini mikono yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuchinja.

Hiyo ni kazi ya karibu, pua na kioo. Na kwa karibu Zahoro hakuwa na mpinzani. Aliona mkwaruzo mwembamba kuliko unywele, akaona kipovu kilichojificha ndani ya kioo mahali ambapo Umakant mwenyewe alilazimika kuchukua kioo cha kukuzia. "Macho haya, fundi, yatunze," Umakant alimwambia. Zahoro aliyatunza kwa kuyasifia kila siku mbele za watu.

Sasa sikiliza ujinga wake ulipoanzia. Kioo kikishasagwa kinapimwa kwa mkono. Unakishika mbele ya jicho, unatazama mstari uliochorwa ukutani, unakichezesha kioo huku na huku. Kikiwa cha kusomea, mstari unakimbilia upande wa pili. Kikiwa cha kuonea mbali, mstari unaufuata mkono. Ndipo unapoweka kioo kingine cha nambari inayojulikana juu yake mpaka mstari utulie, ukishatulia umeipata nambari yako. Umakant alikuwa amechora mstari wake ng'ambo ya ua, kwenye ukuta wa jirani. Zahoro aliutazama siku ya kwanza, akauona umefifia, akasema moyoni kwamba Wahindi ni wabahili hata wa rangi. Akachukua makaa akachora mstari wake mwenyewe ukutani hapo hapo kando ya meza ya kazi, mkono mmoja tu kutoka puani. Miaka sita alipima kwa mstari ule. Wateja wengine walirudi wakilalamika kwamba miwani yao ina kizunguzungu, naye akawaambia kwa upole kwamba macho yao bado hayajazoea.

Utauliza, Umakant mpima macho hakumpima fundi wake? Alimpima. Asubuhi ya kwanza alimpa Zahoro kitambaa afute vumbi kwenye ubao wa herufi, ule unaotundikwa mbali na mteja. Zahoro, mwenye kiherehere cha kazi mpya, alifuta kila herufi kwa shauku, mpaka zile za chini ndogo kama chawa, na kila aliyoifuta aliitamka. Mchana Umakant akamkalisha kitini, akamwambia asome. Akasoma ubao wote bila kukosea hata moja. Kumbe alikuwa anakariri, na wala hakujua kwamba anakariri! Alidhani ndivyo watu wote wanavyosoma vitu vya mbali, kwa kukumbuka.

Maana Zahoro aliamini kwamba dunia, ikifika hatua chache kutoka kwa mtu, huingia ukungu. Ndivyo Mungu alivyoiumba. Mtu akimwambia, "Jana nilikuona Ilala ukikatiza sokoni," alidhani mtu huyo amehadithiwa.

Zama zile vijana wa mjini walianza kupenda miwani kwa ajili ya sura. Ukivaa miwani unaonekana karani, unaonekana umesoma, hata kama kazi yako ni kubeba magunia. Umakant hakuona ubaya. Aliwauzia fremu, na Zahoro aliwakatia ndani yake kioo cha dirisha, kile kile cha madirishani, kisicho na nambari wala dawa yoyote. Wenyewe waliiita miwani ya heshima. Na wa kwanza kabisa kuivaa alikuwa Zahoro bin Sadalla. Fundi mzima, mwenye mabakuli ya chuma ya kila kina, na macho mabovu kupita mteja yeyote aliyeingia dukani, akajivika vipande viwili vya dirisha akatoka navyo barabarani, kidevu juu.

Na barabarani ndiko kulikokuwa na hasara yake. Wewe unajua mji wetu. Mtu hapiti tu kama gari la taka. Unapita, unaamkia, unaulizwa hali, unauliza ya nyumbani. Mkubwa akiwa ng'ambo ya barabara, unapaza sauti au unainua mkono. Zahoro alipita katikati ya Msimbazi asubuhi na jioni, miwani inang'aa, akitazama mbele kama anayekagua askari, na hakuinua mkono kwa mtu. Waliokuwa karibu naye aliwaamkia vizuri, tena kwa adabu zote za Kilwa. Lakini wa ng'ambo, je? Kwake walikuwa madoa, na nani anaamkia doa!

Watu wakamchoka. Mwanzoni walimpungia, baadaye wakaacha. Wakamwita Bwana Maringo. Zahoro naye akaona kwamba watu wa mbali hawamsemeshi, akatafuta sababu, na sababu aliyoipata yeye ni kwamba wanamheshimu. Miwani inawatia woga, alijiambia. Akazidisha kuinua kidevu ili asiwaangushe.

Upweke alikuwa nao, hilo asidanganye mtu. Jioni alirudi chumbani kwake, akala, akalala, na hakuna aliyemgongea mlango. Aliuita upweke huo ukubwa.

Basi ndipo Sitara akaja dukani. Baba yake, Mzee Awadhi, alikuwa mshona kofia, na baraza yake ilikuwa upande wa pili wa Msimbazi, karibu kabisa kukabiliana na duka. Miwani ya mzee ya kushonea ilikuwa imevunjika mkono, akamtuma binti yake. Umakant hakuwepo, kwa hiyo Zahoro alitoka chumba cha nyuma akaja mpaka kaunta, na Sitara akaiweka miwani mbele yake, na uso wake ukawa hapo, mkono mmoja kutoka puani. Loo! Zahoro aliuona uso ule wote, kope moja moja, na kidoti cha wanja kilichokuwa shavuni. Akaitengeneza miwani polepole kuliko miwani yoyote aliyopata kuitengeneza.

Mkono wa miwani ya Mzee Awadhi ukawa na tabia ya kulegea. Sitara akaja tena, na tena. Siku moja akasema, "Fundi, watu huko nje wanasema una maringo. Mimi mbona siyaoni?"

"Watu wana husuda," akajibu Zahoro, akisukuma dirisha lake juu ya pua.

Akatuma posa. Kwa vile hakuwa na mtu wa kumsemea mjini, alimwomba mkaazi mwenzake wa nyumba ampelekee maneno Mzee Awadhi. Jibu likarudi kabla chai haijapoa. Mzee alisema hawezi kumwoza binti yake kwa mtu asiye na salamu. Tena kulikuwa na kijana mwingine, karani wa bandari, ambaye wazee wake walikuwa wamekwisha kubisha hodi, na Mzee Awadhi angewapa neno lake kabla ya Maulidi. Maulidi yenyewe ilikuwa imekaribia.

Zahoro hakulala. Hakuwa na salamu? Yeye? Kesho yake Sitara alipita dukani haraka haraka, macho mekundu.

"Zahoro, baba amekukosea nini?"

"Mimi na baba yako hatuna neno, wallahi."

"Siku ya Idd pale Mnazi Mmoja alikuinulia mkono. Yeye mkubwa ndiye aliyeanza, mbele ya watu! Ukamtazama usoni, ukageuka."

"Sikumwona!"

"Alikuwa kama kutoka hapa mpaka mlango ule wa ghala la chumvi," akasema, akionyesha ghala la jirani. "Hakukuwa na mtu katikati yenu. Sema kweli, hukumwona, au macho yako hayaoni vizuri?"

Hapo, ndugu yangu, mtu mwenye akili angesema pengine. Neno moja tu, pengine, na mambo yangeisha. Lakini fundi wetu aliguswa mahali panapouma.

"Macho yangu?" akasema. "Mimi? Muulize Umakant! Nimesoma ubao ule wote mpaka mstari wa chini. Hakuna macho kama haya kutoka hapa mpaka Magomeni!"

Sitara akamtazama. "Basi ulimwona," akasema, akavuta kanga kichwani, akatoka.

Zahoro alibaki ameshika kaunta. Alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe na ufunguo ameutupa. Alimpenda yule binti, na alimpenda kwa hofu, kama mtu anayejua hatapata mwingine wa kusogea karibu hivyo.

Wiki hiyo Wahindi walikuwa wakijiandaa na Diwali. Mama yake Umakant, Champaben, mjane aliyevaa sari nyeupe siku zote kama ilivyo desturi kwao, aliamrisha duka zima lipakwe chokaa, mbele, nyuma na ndani. Champaben alikuwa mama wa amri, akitoka asubuhi kusimamia wapaka chokaa hakuna aliyethubutu kukaa. Zahoro alipofika kazini akakuta mstari wake wa makaa umekwenda. Ukuta mweupe pepepe.

Kulikuwa na kazi ya haraka, miwani ya padri mmoja asiyeona mbali, kioo kilichobonyea sana. Zahoro akakimaliza, akakosa pa kukipimia. Ua ulikuwa umejaa ndoo na ngazi. Akanung'unika, akatoka nacho mpaka mlango wa mbele wa duka, akivua miwani yake ya heshima ili isimsumbue, akakiinua kioo cha padri jichoni, akatafuta mstari wowote barabarani. Nguzo ya umeme ingefaa.

Nguzo ikaja. Ikaja na waya zake zote, na juu ya waya kunguru, na kunguru ana mdomo! Zahoro akakishusha kioo. Ukungu. Akakiinua. Kunguru ana mdomo, na mti ule wa pembeni hauna uji wa kijani, una majani, jani moja moja, kila jani na ncha yake. Akakishusha, akakiinua, akakishusha. Wapaka chokaa wakaacha kazi wakamtazama.

Halafu akakielekeza ng'ambo ya barabara. Doa lile jeupe alilolipita miaka yote kila asubuhi lilikuwa mzee wa makamo aliyekaa barazani, amevaa kanzu, kofia na sindano zikiwa mikononi. Mzee Awadhi. Na alikuwa akimtazama Zahoro moja kwa moja kwa macho yaliyojaa chuki, midomo ameikunja kama aliyetafuna ndimu.

Kumbe doa lile lilikuwa na uso! Na uso ule ulikuwa umekasirika naye tangu lini? Zahoro akageuza kioo, akaona muuza kahawa akimbeua, akaona wanawake wawili wakipita na mmoja akimnong'oneza mwenzake huku akimwonyesha kidevu. Barabara nzima ilikuwa na nyuso, na karibu zote zilikuwa zikimsema. Miaka sita alikuwa akipita katikati ya watu hawa akidhani wanamwogopa.

Alimwendea Umakant akamwambia. Umakant hakuamini, akamkalisha kitini, akaanza na ule ubao. Zahoro akausoma wote. "Mbona macho mazima?" akasema Umakant.

"Ugeuze," akasema Zahoro kwa sauti ndogo.

Umakant akaugeuza juu chini. Zahoro alitambua herufi moja ya kwanza, tena kwa kubahatisha. Umakant alikaa chini, akajishika kichwa, maana naye alikuwa na aibu zake: mpima macho wa Msimbazi, na fundi wake kipofu wa mbali miaka sita mita chache kutoka kwake! Kisha kicheko kikampata, akacheka mpaka akalowesha shati. Hakuuliza ile miwani ya kizunguzungu ilikuwa mingapi. Akachukua fremu nzito ya kupimia, akabadilisha vioo kimoja kimoja, akapata nambari. Zahoro akasaga vioo vyake mwenyewe siku ile ile, na kwa mara ya kwanza akavipima kwa mstari wa ng'ambo ya ua.

Asubuhi alitoka na miwani ya kweli. Akaamua kulipa salamu zote kwa siku moja. "Shikamoo mzee! Shikamoo bibi! Hujambo ndugu yangu, hali ya nyumbani!" Aliamkia ng'ambo hii na ng'ambo ile, aliamkia watu wa juu ya lori, alimwamkia Mgogo mmoja aliyekuwa mgeni kabisa, hajapata kufika mjini kabla ya siku ile. Alifanana na mtu anayegombea uenyekiti wa klabu ya ngoma. Na watu je, walifurahi?

"Huyu amefukuzwa kazi," akasema mmoja.

"Hapana, anataka mke," akasema muuza kahawa. "Kanyimwa kwa Awadhi, sasa amejifunza adabu tangu jana."

Mzee Awadhi mwenyewe alipoamkiwa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kofia yake. "Hiyo ni salamu ya kutafutia kitu," akasema. "Ipeleke sokoni." Zahoro akaona midomo ikikunjwa, safari hii kwa uwazi kabisa. Kuona vizuri hakukuwa kumemsaidia chochote ila kujua anavyochukiwa.

Ikabaki njia moja, na aliichukia. Baada ya alasiri, wakati baraza ya Mzee Awadhi imejaa wanaume na vikombe vya kahawa, Zahoro akavuka barabara, akasimama mbele yao, akatoa mfukoni ile miwani yake ya zamani.

"Mzee wangu," akasema, "shikamoo. Naomba unisikilize, halafu unifukuze. Mimi sioni mbali. Sijaona mbali tangu nizaliwe, na sikujua. Siku ya Idd sikukuona. Wala asubuhi zote hizi sikukuona. Na miwani hii niliyokuwa nikivaa si miwani. Ni kioo cha dirisha. Nilikuwa naringia dirisha."

Isidori, kijana mmoja aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, akavua miwani yake kimya kimya akaitia mfukoni.

"Fundi wa miwani," akasema Mzee Awadhi polepole, "asiyeona. Una hadithi nzuri. Uliitunga usiku kucha?"

"Baba, naapa."

"Mwongo pia huapa." Mzee akaweka kofia chini, akainuka. "Haya, leta hiyo miwani yako ya kweli." Akaichukua kutoka usoni mwa Zahoro, akaikunja mkononi. "Nitakwenda ng'ambo kule nisimame. Wewe geuka ukutani. Nikipiga makofi, geuka, uniamkie kwa adabu hapo hapo ulipo. Mtu anayejifanya haoni atajisahau tu. Na nyie wote msiseme kitu."

Zahoro akageukia ukuta. Hakuwa na hila yoyote, alitaka tu kumpata mzee, amwamkie vizuri, mzee aone adabu ya Kilwa. Makofi yakapigwa. Akageuka.

Ng'ambo, mbele ya duka lililopakwa chokaa, alisimama mtu. Doa refu jeupe, la heshima, limetulia. Mwili wa mzee. Upana wa mzee. Zahoro akaona furaha. Alikuwa amempata! Akakusanya mikono kifuani, akainamisha kichwa, akapaza sauti ili isikike kupita makelele ya barabara.

"Shikamoo baba yangu! Nimekukosea na nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote! Miaka yote hii umekuwa ukinitazama na mimi sikukuona. Sasa nakuona! Nakuona vizuri! Baba, nampenda binti yako. Nakuomba unioze, na nitamtunza kama mboni ya jicho!"

Doa lile likajibu, kwa sauti nzito ya kike, yenye Kigujarati ndani yake:

"Marahaba. Lakini binti gani? Mimi nina Umakant tu."

Alikuwa Champaben, ametoka kuangalia chokaa.

Msimbazi nzima ikaanguka kwa kicheko. Baraza yote ikalala, vikombe vikamwagika, wapaka chokaa wakashikilia ngazi. Muuza kahawa aliweka birika chini ili asijiunguze. Mpiga makofi mwenyewe, Mzee Awadhi, alikuwa amesimama mbele ya nguzo ya umeme, hatua chache tu kutoka kwa Champaben, wazi kabisa, bila kujificha hata kidole. Alijaribu kuushika uso wake usicheke akashindwa, akateleza chini polepole akiegemea nguzo mpaka akakaa ukingoni mwa mfereji, kofia upande, machozi yanamtiririka.

Zahoro hakujua nini kimetokea mpaka Isidori alipomweleza kwa vipande, kati ya pumzi na pumzi. Akatamani ardhi impasukie. Amemposa Umakant! Mbele ya mama mtu!

Mzee Awadhi alirudi akishikiliwa na watu wawili. Alikaa, akafuta macho kwa upindo wa kanzu, na alipomaliza kicheko chake kikaondoka kidogo kidogo.

"Basi siku ya Idd hukuniona," akasema.

"Sikukuona, baba."

"Niliinua mkono mimi. Nikasema, kijana huyu yuko peke yake mjini, hana wazazi hapa, leo Idd, nimwite aje kula nyumbani." Akaikunjua ile miwani, akaitazama, akampa. "Nikarudi nikakulaani njia nzima."

Zahoro akaipokea miwani, akaivaa. Alikuwa ameitwa kula, siku ya Idd, na yeye akaenda chumbani kula mkate mkavu akijisifu.

Mzee akageuka kuelekea mlango wa ndani. "Sitara! Umesikia?"

Nyuma ya pazia kulisikika mtu akipaliwa na kicheko. "Nimesikia, baba."

"Unasemaje?"

"Nimekubali. Ila mwambie hilo dirisha alirudishe kwa wenyewe."

"Ijumaa baada ya sala," akasema Mzee Awadhi, "walete wazee wako kutoka Kilwa. Wale wa bandari nitawaomba radhi mimi."

Zahoro alitoka barazani. Akasimama ukingoni mwa barabara, na hapo machozi yakamjia, yakajaa ndani ya miwani mpya hata asione kitu. Akaivua, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Mzee mmoja akapita ng'ambo, akainua mkono, akasubiri, akaushusha.

"Mnamwona?" sauti ya kizee ikasema. "Hata posa haijapoa, ameanza tena!"

Zahoro akaishindilia miwani usoni ikiwa bado na maji, akauona mgongo wa mzee unakwenda, akajirusha barabarani mbele ya gari la ng'ombe, akamkimbilia akipiga kelele, "Shikamoo mzee! Shikamoo! Nilikuwa nafuta!" Akamfikia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Marahaba," akasema mzee, akimtazama juu chini. "Lakini kwangu hutapata kitu. Mimi pia nina wavulana watupu."

Wakacheka wote wawili, katikati ya Msimbazi, na mwenye gari la ng'ombe akiwatukana wapishe njia. Zahoro hakumwachia yule mzee mkono. Akamuuliza hali, akamuuliza ya nyumbani, akamuuliza jina lake, maana miaka sita alikuwa akimpita na hakulijua.